Goti la Bi Duni na Ofisi ya Sauti

Hivi wewe mwenzangu unayesoma, ulishawahi kupewa sauti? Sisemi ile uliyozaliwa nayo, ya kulilia ziwa na kuwaita watoto waingie ndani giza likianza. Hiyo ni sauti ghafi, haijapita kwenye kamati yoyote. Nasema sauti rasmi, ya kukabidhiwa, yenye cheti na muhuri. Kama hukupewa usijilaumu. Labda hukuwa Johannesburg mwaka ule Jumuiya ya Wazungumzao Kiswahili ilipotundika bango la zambarau lililoziba madirisha mawili, na kutangaza kuzaliwa kwa Ofisi ya Kuwapa Wanawake Sauti.

Tangazo lilisomwa mtaa wa Bertrams, kwenye ukumbi wa Jumuiya ambao zamani ulikuwa kiwanda cha magodoro, na mpaka leo ukikohoa karibu na ukuta unaona pamba inapeperuka. Msomaji alikuwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Bwana Ameir, mtu wa Unguja, ndevu zimechanwa vizuri, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa na sauti kubwa, sauti ya kutosha watu kumi, na ndiyo maana wajumbe waliona yeye ndiye anayeweza kuwagawia wengine bila kupungukiwa.

"Kuanzia leo," alisema, "mwanamke mweusi, mwanamke mhamiaji, hatanyamaza tena. Tutamsemea!"

Wanaume wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele, maana hawakujua kuwa tangazo lilikuwa na aya nyingine. Aya hiyo ilisema kwamba ofisi inahitaji chumba. Ikasema pia kwamba, baada ya upembuzi yakinifu, chumba kilichoonekana kukidhi vigezo ni kile cha nyuma ya ukumbi, ambacho kwa sasa kinatumiwa na kikundi cha wanawake wanaojifunza kusoma.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara sana. Wanawake hawawezi kupewa sauti na mtu aliyesimama nje kwenye baridi ya mwezi wa sita. Tena hao wanafunzi wenyewe walikuwa wakisoma kwa kupaza sauti, wote pamoja, na kelele za namna hiyo ni kikwazo kikubwa kwa shughuli za ofisi. Kwa hiyo siku ya pili kufuli jipya likafungwa, na ufunguo wake Bwana Ameir akautia kwenye mkufu wa kiunoni, ukawa unalia kengele kidogo kila alipotembea.

Chumba chenyewe hakikuwa kitu. Meza mbili zisizolingana urefu, ubao uliookotwa, hita ya gesi yenye mguu mmoja wa tofali, na birika. Dirishani lilining'inia pazia la kanga, upande mmoja umefifia kwa jua. Lakini jioni mbili kila wiki wanawake walijaa humo. Walikuwamo wauza mitumba wa pale Bertrams, wasusi wa Hillbrow, na mmoja alikuwa na spaza yake, kiduka cha nyumbani, Soweto, akipanda teksi mbili kuja na mbili kurudi. Mwalimu wao alikuwa Lois, Mkenya, mhadhiri wa chuo kikuu aliyesomea mambo ya sauti za wanawake weusi mpaka akaitwa daktari, ingawa huwezi kumpelekea mtoto mwenye homa.

Na miongoni mwa wanafunzi, mwenye umri mkubwa kuliko wote na mwenye penseli iliyochongwa kuliko zote, alikuwa Bi Duni.

Bi Duni alikuwa mjane kutoka Tanga. Alikaa ghorofa ya pili na binti yake Samira na mkwe wake Suhaib, na asubuhi aliuza bagia na maandazi karibu na robot, pale magari yanaposimama taa ikiwa nyekundu. Alikuwa ameishia darasa la saba. Nafasi ya kuendelea ilikuwapo, ila nyumbani kulikuwa na nauli ya mtoto mmoja, na kaka yake ndiye aliyekuwa na miguu mirefu ya kutembelea dunia, walisema. Hakuwa na kinyongo. Alichokuwa nacho ni maumivu, na maumivu yenyewe yalikuwa mahali.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli.

Kliniki za Johannesburg nesi anaitwa sista, na sista anataka umweleze upesi, kwa Kiingereza au kwa Kizulu, maana nyuma yako foleni imefika getini. Bi Duni alijua Kiingereza cha bei na cha salamu. Samira alikuwa anafanya kazi jikoni huko upande wa matajiri, akitoka nyumbani kungali giza. Aliyepatikana kumsindikiza ni Suhaib, mlinzi wa zamu, kijana mwema, Kiingereza kinamtoka kama maji.

Tatizo la Suhaib lilikuwa adabu yake. Huyu ni mkwe ambaye tangu aoe hajawahi kumwona mama mkwe wake akitafuna. Akiingia sebuleni na Bi Duni yupo, hukaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Sasa siku hiyo mbele ya sista ikawa hivi:

"Mwambie maumivu yako chini," Bi Duni akanong'ona, amejifunika mtandio mpaka puani.

"Chini wapi, mama?" Suhaib akauliza, akitazama dari.

"Chini."

"Chini ya... tumbo?"

"Chini ya hapo."

Jasho likamtoka Suhaib. Akaviwaza viungo vyote vya mwili vinavyoweza kutajwa na mkwe bila nyumba kuingia laana. Akashuka haraka, akaruka pale pa kuruka, akatua kwenye kiungo cha kwanza chenye heshima.

"Goti," akamwambia sista.

Bi Duni akapewa dawa ya kuchua na bandeji. Aliporudi mara ya pili, kwa sababu maumivu yamezidi, goti likapigwa picha. Sista akaisifu ile picha. Alisema hajaona mwanamke wa umri ule mwenye goti la msichana. Mara ya tatu akapewa fimbo. Basi Bi Duni akawa anatembea Bertrams nzima na bandeji na fimbo, watu wanampisha, wanampa pole ya goti, na yeye anaitikia, maana angesema nini?

Ndipo alipojiunga na darasa. Na Lois, kwa bahati njema, alikuwa ndiyo kwanza ameanza somo la Sehemu za Mwili. Walianza kichwani: nywele, paji la uso, masikio. Wakashuka shingoni. Jioni ya mwisho walifika mabegani. Wiki iliyofuata ilikuwa washuke zaidi, na Bi Duni alikuwa ameshachonga penseli. Wakakuta kufuli.

Kwa hiyo Ofisi ya Kuwapa Wanawake Sauti ilimkuta Bi Duni akiwa anaweza kumweleza sista ugonjwa wowote kwa Kiingereza, mradi uishie mabegani.

*

Alivaa baibui lake la kutokea, akaenda ofisini. Mlangoni kulikuwa na kibao: KIMYA TAFADHALI, SAUTI ZINAANDALIWA. Nyuma ya meza, ile fupi, alikaa Katibu wa Jumuiya, Bwana Damien, Mrundi, mtu wa tai na protokoli.

"Bonjour, mama. Una miadi?"

"Sina, baba. Nimekuja kusema neno moja tu."

Damien akashtuka kama aliyeambiwa kuna moshi. "Kusema? Hapa? Mama, hii ni Ofisi ya Sauti. Hapa watu hawasemi ovyo ovyo."

"Nitasema polepole."

"Si suala la polepole. Ni suala la utaratibu. Wewe kwenye mradi ni mlengwa. Mlengwa anasema akishawezeshwa. Kuna kozi. Moduli ya kwanza ni Kusikiliza, anafundisha Mkurugenzi mwenyewe. Ya pili ni Kuendelea Kusikiliza. Ya tatu, Kunyoosha Mkono. Ukimaliza unapata cheti, halafu unasema, na sisi tunapiga picha."

Bi Duni akalifikiria jambo hilo kwa haki. Hakuwa mtu wa haraka. "Na kama nataka kusema kwamba kozi siitaki, nataka darasa letu?"

"Ah, hiyo ni hoja nzuri sana," Damien akasema, na alimaanisha. "Utaitoa ukishamaliza kozi."

Haikuwa kwamba wanawake hawakushirikishwa. Mtu yeyote asikudanganye. Mkutano wa kuwashirikisha uliitwa, juisi ikaletwa, na Bwana Ameir akaeleza Kanuni ya Ridhaa ambayo kamati ilikuwa imeitunga kwa wanaume saba na Lois, ambaye alikuwa Mshauri wa Masuala ya Ufeministi.

"Jamani, sisi tuna desturi zetu nzuri," alisema Bwana Ameir, akitembea jukwaani, ufunguo unalia kiunoni. "Mwali akiozeshwa anafanyiwaje? Anafuatwa chumbani, anaulizwa: umeridhia? Mwali ana haya, hasemi. Anaulizwa tena, hasemi. Ya tatu, kimya. Basi imeshapita hiyo, vigelegele, pilau! Wenzetu wanahangaika na kura na masanduku. Sisi ushirikishwaji tunao tangu mababu."

Kanuni ikasomwa: swali likiulizwa mara tatu mbele ya mashahidi na mjumbe akakaa kimya, mjumbe huyo ameridhia, na uamuzi hautenguliki. Mwanzoni iliandikwa "mwanamke akikaa kimya." Lois akashauri kwamba ingeonekana ya kibaguzi, afadhali iandikwe "mjumbe yeyote, awe mke au mume." Kati ya ushauri wake wote wa mwaka ule, huo ndio peke yake uliopitishwa, na Bwana Ameir alimsifu kwa kuwa ulikuwa mfupi.

Bi Duni akainuka, ameegemea fimbo yake ya goti zima. "Bwana Ameir, samahani mwanangu. Hayo ya kunyamaza ni ya mwali, aliye mara yake ya kwanza. Mimi mjane. Mjane huulizwa, naye akajibu kwa kinywa chake. Hata huko Unguja ni hivyo."

Watu wakacheka. Bwana Ameir naye akacheka, kwa upole, kama daktari wa meno.

"Bi Duni, mama yangu, cheti chako cha kusema kiko wapi?"

Bi Duni akakaa.

"Basi nauliza," akaendelea Bwana Ameir. "Mnaridhia chumba kiwe ofisi?" Kimya. "Mnaridhia?" Kimya, na mtu mmoja akanyonya mrija wa juisi iliyokwisha. "Mnaridhia?" Damien akaandika kwamba wanawake wameridhia kwa kauli moja, na haikuwa uongo, maana wote walinyamaza sawasawa.

*

Jumamosi Bi Duni alipanda Hillbrow, kwenye saluni ya Murielle. Murielle alikuwa Mkongomani kutoka Bukavu, msusi, mwanafunzi mwenzake, mwanamke anayeweza kusuka, kula, kujibu simu na kugombana na mwenye nyumba kwa wakati mmoja. Saluni yake ni chumba cha ngazi za chini kwenye jengo refu lenye lifti iliyokufa. Kitini, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, alikaa Lois.

"Afadhali nimekukuta, mwalimu," Bi Duni akasema, akishusha kikapu. "Nieleze. Huo ufeministi unaowashauri wale, ni kitu gani?"

Lois akashusha pumzi. "Mama Duni, kusema ukweli, hata mimi sijui tena. Nimeandika kitabu kizima kuhusu hiyo kitu. Ati mwanamke mweusi asisemewe, ajisemee, na elimu ni yake si zawadi. Kwenye mkutano wa kwanza nikafungua mdomo, Ameir akaniambia, 'Dokta, kabla hujaendelea, hebu angalia kama sambusa zimepoa.'"

"Zilikuwa zimepoa?" akauliza Murielle.

"Zilikuwa zimepoa. Lakini si hiyo point!"

"Mimi nauliza tu, maman. Usitikise kichwa."

"Na ripoti yangu akaisoma kama yake. Neno kwa neno. Alipofika mahali nimeandika 'mimi kama mwanamke,' akasoma tu hivyo hivyo. Na watu wakampigia makofi, ati ni jasiri."

Murielle akacheka mpaka akaachia msuko. Bi Duni hakucheka. Alikuwa akimtazama mwalimu wake kwa mshangao, mtu wa digrii tatu, akaona kumbe naye wamemwishilizia mabegani.

"Mie nilidhani ukisoma sana hayo yanakwisha," akasema.

"Yanabadilika nguo tu, mama."

Murielle akaushika tena msuko. Nje teksi zilikuwa zikipiga honi kama zinavyopiga, na dereva mmoja akimwita kila mtu malkia ili apande.

"Lile somo letu," Bi Duni akaanza, akipangusa kikapu kisichokuwa na vumbi. "La mwili. Ukishuka kutoka mabegani, inachukua muda gani kufika... kufika huko kwa kufika?"

Lois akamtazama. Akatazama bandeji. Akatazama jinsi Bi Duni alivyokaa, upande mmoja, kama mtu anayekalia yai.

"Mama Duni. Hilo goti linauma kweli?"

Bi Duni akasema polepole, "Goti ni la mkwe wangu."

Akawaeleza. Murielle akaacha kusuka kabisa, jambo ambalo wateja wake wa miaka yote hawajaliona. Lois akasema, "Jumatatu tunaenda, nitakutafsiria mimi."

"Ahsante, mwanangu. Tutakwenda. Na ukisafiri? Na yule wa Soweto, na Saida wa mitumba, utawasindikiza wote? Utageuka mkwe wa mji mzima." Akainyoosha fimbo sakafuni. "Tena mie sitaki kutafsiriwa vizuri. Nataka kusema mwenyewe. Hata nikikosea, liwe kosa langu."

Lois akaitazama ile fimbo. Kisha akageuka ghafla, Murielle akapiga kelele, na nywele moja ndefu ikabaki hewani.

"Siku ya Wanawake imekaribia, mwezi wa nane," Lois akasema. "Ameir ameniambia nimtafutie kitu cha kuvutia wafadhili. Kitu cha picha."

"Et alors, halafu?" akasema Murielle.

"Ile kanuni yao. Mnakumbuka nani aliiandika 'mke au mume'?"

*

Bwana Ameir aliipenda Saa ya Kusikiliza tangu alipoisikia kwa Lois. Wanaume wote wa kamati wangekaa mbele, vinywa vimefungwa kwa utepe wa zambarau, kuonyesha dunia kwamba sasa ni zamu ya mwanamke. Alisema wazo hilo lilimjia akiwa anatawadha. Utepe alikwenda kuununua mwenyewe, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akachagua ule wa mabomba. Ule mwepesi wa vifurushi aliukataa, kwani alihofia unaweza kubanduka kwenye picha, wafadhili wakadhani hasikilizi kwa dhati.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka kwa wafadhili, Pretoria, mwenye shanga shingoni na uso wa kusikiliza. Kiswahili hakukijua, hivyo Lois akakaa pembeni yake kumtafsiria. Wanaume wa kamati wakabandikwa. Bwana Ameir akabandikwa wa mwisho, mara mbili, kutoka shavu hadi shavu, juu ya ndevu zote, na kamera zikamulika.

Damien peke yake hakubandikwa, kwa kuwa ni Katibu na lazima asome ratiba. Akasoma: "Sasa mlengwa, Bi Duni, atatoa neno la shukrani, akiwa amepewa kibali maalumu cha siku moja."

Bi Duni akapanda jukwaani. Aliiacha fimbo chini. Watu wakaguna, maana walimjua kwa goti.

"Namshukuru Mkurugenzi," akasema kwenye kipaza sauti. "Ametufundisha kanuni. Kanuni nzuri. Mjumbe yeyote, mke au mume, akiulizwa mara tatu mbele ya mashahidi akanyamaza, ameridhia. Si ndivyo, Katibu?"

Damien akafungua faili, maana hakuwahi kujibu swali bila faili. "Ndivyo, mama. Kifungu cha nne."

"Haitenguliki?"

"Haitenguliki."

"Basi naomba kumuuliza. Tena huyu hana tatizo, si mjane. Huyu hajawahi kuulizwa kitu na mwanamke akangojewa ajibu. Ni mwali kabisa, mara yake ya kwanza." Ukumbi ukaanza kuchemka. Bi Duni akamgeukia, akainama kidogo, kama wazee wanavyoinama chumbani kwa bibi harusi. "Bwana Ameir, umeridhia kuturudishia chumba chetu, na ufunguo wake, tuendelee na masomo pale tulipoachia?"

Bwana Ameir akatoa macho. Chini ya utepe kikasikika kitu kama birika linalokaribia kuchemka.

"Ana haya," akasema Bi Duni.

Kule pembeni Lois alikuwa akitafsiri neno kwa neno, hapunguzi, haongezi, na mgeni rasmi akaweka mkono kifuani.

"Bwana Ameir, umeridhia?"

Bwana Ameir akashika ncha ya utepe, akavuta. Utepe wa mabomba ni utepe wa mabomba. Ndevu zikaja nao kidogo, machozi yakamtoka, akaachia.

"Analia," mwanamke mmoja akasema nyuma. "Kila mwali hulia."

Akaanza kutikisa mikono, akionyesha kufuli, akionyesha mlango, akijipiga kifua, akikata hewa. Damien, mtu wa haki, akauliza, "Mkurugenzi anasema nini? Nani anamwelewa?"

"Mimi naelewa!" akasema Murielle, ameshasimama juu ya kiti. "Iko anasema chumba ni chetu. Iko anasema hita itengenezwe mguu. Na viti vya hapa mbele, vile vyenye sponji, navyo tuchukue."

Bwana Ameir akatikisa kichwa kwa nguvu zote.

"Anasema hata zulia."

Hapo Bi Duni akamtazama yule mtu mkubwa, sauti yote ile imefungiwa ndani, anaonyesha panapomuuma na wengine wanasema pengine, akamwonea huruma ya kweli. Alizijua hizo shida. Lakini huruma haikumzuia.

"Ya tatu na ya mwisho, mwanangu. Umeridhia?"

Kimya. Hata pamba ya magodoro ilitulia. Kisha wanawake wa Bertrams, wa Hillbrow na wa Soweto wakapiga vigelegele, vya kuozesha, virefu, vya kupokezana, mpaka madereva wa teksi nje wakazima redio. Damien akaandika: ameridhia. Halafu, kwa kuwa kifungu cha tano kinasema utekelezaji ni papo hapo, akaenda kwa heshima zote, akaufungua mkufu kiunoni mwa Mkurugenzi, akautoa ufunguo na kumkabidhi Bi Duni kwa mikono miwili.

Mgeni rasmi alikuwa akifuta macho. Alisema, na Lois akatafsiri, kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona kiongozi mwanamume akitoa mali ya ofisi bila kusema hata neno moja.

*

Utepe ulitoka kesho yake, kwa mafuta ya kupikia na subira. Ungedhani hapo Bwana Ameir angeudai ufunguo. Lakini asubuhi hiyo hiyo wafadhili walikuwa wamemwandikia kumpa tuzo ya Kiongozi Msikivu, na hakuna namna ya kuieleza dunia kwamba siku ile ulikuwa unapinga bila kurudisha tuzo. Akaipokea. Ofisi ya Sauti ikahamia stoo ya ndoo chini ya ngazi, hatua ambayo taarifa ya mwaka inaiita ugatuaji wa huduma hadi ngazi ya chini. Bado ipo. Ukipita utamwona amekaa humo, picha yake kubwa ya utepe iko ukutani, ndevu za upande mmoja hazijaota vizuri. Wanawake wakipita kwenda darasani humwamkia, naye huitikia kwa sauti ndogo ili asiangushe mafagio.

Lois alikuwa amempeleka Bi Duni kliniki Jumatatu ile waliyoahidiana saluni, lakini sista alikuwa mwingine, wa kupokea tu, akaangalia kadi, akaona goti, akampa tarehe ya goti. Bi Duni akasema sawa. Tarehe ilikuwa mbali, na sasa darasa alikuwa nalo.

Wakaanzia mabegani. Kifua. Mbavu. Tumbo. Ile jioni walipovuka kitovu, Murielle alilia kwa kucheka, yule wa Soweto akajifunika daftari usoni, na Bi Duni akalitamka kila neno, akalirudia, akaliandika, penseli ikakatika, akaazima nyingine.

Tarehe ikafika. Suhaib alimsindikiza mpaka kwenye mlango wa sista, akashika kitasa, akanyoosha shati, tayari kwa kazi.

"Wewe kaa kwenye benchi, baba," Bi Duni akamwambia. "Umeshanisemea vya kutosha, Mungu akuzidishie."

Suhaib akakaa. Ndugu zangu, sijui kama kuna mwanamume aliyewahi kuketi kwenye benchi la kliniki kwa furaha kiasi kile.

Ndani, yule sista wa siku zote alikuwa anaandika. Hakuinua macho.

"Gogo," akasema, yaani bibi kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza, "goti linaendeleaje?"

Bi Duni akafunga mlango. Akavua bandeji, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Akaegemeza fimbo ukutani.

"Sista," akasema, kwa Kiingereza chake mwenyewe, akaweka mkono pale hasa. "Siyo goti. Ni hapa. Imekuwa hapa siku zote."